Bakapu ya Windows, kazi ya Linux: kisa cha kompyuta ya kaunta Morogoro

Duka ni la vifaa vya ujenzi, jumla na rejareja, Morogoro mjini, na mashine tunayoizungumzia ni ile ya kaunta yenye programu ya mauzo na stoo. Windows 10, diski ya kuzunguka ya 500GB, na kwenye hizo 500 zilizotumika ni kama 91 tu. Umeme ulikatika jioni wateja bado wamejaa, UPS ilikuwepo lakini betri yake ilishakufa siku nyingi ikawa imebaki kama ekstensheni tu, na uliporudi kompyuta ikawa inazungusha vile vidoti vya Windows mpaka mtu anachoka kusubiri. Ukisogeza sikio unasikia diski inagonga, tak tak, inanyamaza, tak tak tena. Hapo hata asiye fundi anajua.

Bakapu ilikuwepo, na hilo peke yake kwa maduka yetu ni muujiza. Mhasibu wao alikuwa ameitengeneza karibu mwezi mmoja kabla, kwa ile zana ya zamani iliyoko Control Panel inayoitwa Backup and Restore (Windows 7), ile inayopiga picha ya mfumo mzima na kuitupa kwenye diski ya nje. Microsoft wenyewe walishaitangaza hiyo zana kuwa ya kuachwa tangu toleo la 1709 la mwaka 2017, ila wameiacha humo humo na watu wanaitumia, na si mbaya kihivyo, inafanya kazi yake ya kunakili vizuri tu. Shida yake iko kwenye kurudisha.

Mi nimeitwa baada ya fundi mwingine kushindwa. Nafika, shikamoo mama, marahaba baba, karibu, na hata soda sijafungua mwenye duka ananiambia, "Mwanangu, mi sina haja na hiyo kompyuta, nataka madeni yangu." Maana yake daftari la wakopaji lote limo kwenye programu, mafundi ujenzi wanaochukua saruji na nondo leo wanalipa wakilipwa wao, na hakuna karatasi. Fundi wa kwanza alikuwa ameshamshauri apigwe Windows mpya, waanze upya. Sasa kupiga Windows mpya si kazi, ila ile programu ya mauzo ina leseni iliyofungwa kwenye mashine, na aliyewauzia hapatikani kwenye simu, namba imezimwa. Kwa hiyo data peke yake haitoshi, inatakiwa Windows ile ile, na programu ile ile, ikiwa imekaa vile vile.

Kwanza nieleze fundi wa kwanza alikwama wapi, kwa sababu wengi wanakwama hapo hapo. Alinunua SSD (diski isiyozunguka) ya 240GB, akaifunga, akawasha na fleshi ya Windows, akaingia sehemu ya kurekebisha kompyuta, akachagua kurudisha picha ya mfumo. Mara ya kwanza zana ikasema haioni bakapu yoyote. Hii ilikuwa ni kwa sababu mtu alishahamisha folda la WindowsImageBackup na kulitia ndani ya folda jingine ili diski ya nje ionekane nadhifu, na ile zana haitafuti, inachungulia mwanzo wa diski tu, isipolikuta pale kwa jina lile lile inakwambia hamna. Akalirudisha mahali pake, ikaonekana, akabonyeza, ikakataa tena na kosa 0x80042412, kwamba hakuna diski inayofaa kurudishia mfumo. Diski iko pale, mpya, tupu, ila zana inasema haipo!

Maana halisi ya hilo kosa ni ukubwa. Hiyo zana inataka diski mpya iwe sawa au kubwa kuliko ya zamani, haijali kwamba ndani mmejaa 91GB tu. Ya zamani ni 500GB, ambayo Windows inaionyesha kama 465, na mpya ni 240 inayoonekana 223. Basi, kesi imeisha kwa upande wake. Fundi akahitimisha kwamba bakapu ni mbovu, akamwambia mama hivyo, na mama akakosa usingizi bure kwa sababu bakapu haikuwa na ubaya wowote. Zana kugoma na bakapu kuharibika ni mambo mawili tofauti kabisa, na kabla hujamtangazia mtu msiba inabidi ulifungue lile folda uone kuna nini.

Najua mtu atauliza kwa nini asinunue tu diski ya 1TB akamaliza. Swali zuri, na kama maduka yangekuwa wazi hiyo ndiyo ingekuwa njia fupi. Ila ilikuwa sikukuu, maduka ya kompyuta yamefungwa, ile SSD imeshalipiwa, na mama alitaka kufungua duka kesho yake. Na kuna jambo la pili ambalo ndilo lilinifanya niende Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, moja kwa moja: bakapu ni ya mwezi mmoja nyuma, madeni ya huo mwezi mmoja yako kwenye diski inayogonga. Hata zana ya Windows ingekubali, bado tungekuwa na shimo la mwezi mzima. Na diski inayokufa huigusi kwa Windows, kwa sababu Windows ikiiona tu inaanza kuipekua, inataka kurekebisha, inaandika vitu vyake, inasoma sehemu mbovu tena na tena mpaka inaimalizia kabisa.

Nikawasha mashine kwa fleshi ya Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, bila kuinstoo chochote, ile ya kujaribia tu. Intaneti nikachota kwenye simu, nikavuta vifurushi vinavyohitajika: gddrescue, qemu-utils, wimtools na gdisk. Vinakaa kwenye memori, ukizima vinapotea, safi kabisa. Diski ya kazi nilikuja nayo ya 1TB.

Kitu cha kwanza kabisa, kabla hata ya kunakili, nikasoma jedwali la patisheni (vyumba ambavyo diski imegawanywa) za diski ya zamani nikalihifadhi:

sgdisk --backup=jedwali.bin /dev/sda

Ni kitendo cha sekunde, na kinasoma sehemu ndogo sana ya diski. Umuhimu wake utauona mbele. Kisha ndio ddrescue, zana ya kunakili diski mbovu, ile inayokuja na kifurushi cha gddrescue:

ddrescue -d -n /dev/sda diski.img diski.map

Uzuri wa ddrescue ni kwamba haing'ang'anii. Inapita kwanza kuchukua vyote vinavyosomeka kirahisi, ikigonga pabovu inaruka na kuandika kwenye ile ramani kwamba hapa bado, inaendelea. Ukishapata kilichopo ndipo unairudisha kwenye vile viporo kwa -r3, ijaribu tena taratibu. Na ukikatwa na umeme katikati (tena Moro!) unaendelea ulipoishia, kwa sababu ramani ipo. Iliachwa usiku kucha feni ya mezani ikiipulizia diski, na asubuhi karibu yote ilikuwa imetoka, ikabaki makumi ya megabaiti tu ambayo hayasomeki kwa namna yoyote.

Sasa makumi ya megabaiti kwenye 500GB unaweza kudharau. Swali ni yameangukia wapi. Hapa kuna mbinu ambayo naipenda sana, iko kwenye mwongozo wa ddrescue yenyewe: unaiambia ijaze zile sehemu zilizoshindikana kwenye nakala kwa maneno unayoyajua, halafu unatafuta mafaili yenye hayo maneno.

printf 'SEKTAMBOVU' > alama.txt
ddrescue --fill-mode=- alama.txt diski.img diski.map

Nikaifungua nakala kwa kusoma tu, nikapiga grep -rl SEKTAMBOVU kwenye mafaili yote, jibu likaja. Mengi ni takataka za apudeti za Windows ambazo hamna anayezililia, ila kulikuwa na faili la rejista (daftari la mipangilio ya Windows), lile SOFTWARE lililoko ndani ya System32\config, na hilo likitoboka Windows haiwaki, ndiyo maana ya vile vidoti kuzunguka bila mwisho. Na mafaili mawili ya databesi, la mdf (data yenyewe) na la ldf (kumbukumbu ya mabadiliko), yote masafi. Programu inatumia SQL Server Express, databesi ya Microsoft, kwa hiyo yako kwenye lile folda refu ndani ya Program Files linaloishia MSSQL\DATA. Nikayakopi pembeni hapo hapo. Nikamwambia mama madeni yapo, akaniuliza kama yapo yako wapi basi ayaone, nikamwambia bado, akaguna.

Kwa hiyo picha ikawa imekaa hivi: diski ya zamani ina data mpya lakini Windows iliyotoboka, bakapu ina Windows nzima lakini data ya zamani. Kazi ni kuchukua mwili kutoka bakapu na madeni kutoka diski.

Tuingie kwenye folda la bakapu. Ndani ya WindowsImageBackup kuna folda lenye jina la kompyuta, ndani yake folda la Backup na tarehe, na humo kuna rundo la mafaili madogo ya XML yanayotisha watu, pamoja na mafaili yenye majina marefu ya namba na herufi yanayoishia vhdx. Hayo ya vhdx ndiyo bakapu yenyewe, mengine ni makaratasi ya ile zana. Kila patisheni ina vhdx yake: moja ndogo ya EFI (ya kuwashia mashine), moja ya wastani ya Recovery, na moja kubwa ya C. Na vhdx si siri ya mtu, ni diski ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Umbo la kwanza, VHD, lilitoka kwa kampuni ya Connectix ambayo kazi zake za Virtual PC zilinunuliwa na Microsoft mwaka 2003, baadaye wakatoa VHDX, na maelezo yake wameyachapisha hadharani ndiyo maana watu wa QEMU, programu ya mashine pepe, wameweza kuandika msomaji wao. Kuanzia Windows 8 bakapu inatoka kwa VHDX, Windows 7 ilikuwa VHD. Na ndani hamna nywila, hamna ufiche, yeyote akiiokota hiyo diski ya nje anasoma kila kitu cha duka, lakini hiyo tuiache.

Nikaipachika diski ya nje kwa kusoma tu, nikajaribu kufungua vhdx kubwa:

modprobe nbd max_part=8
qemu-nbd -r -c /dev/nbd0 -f vhdx c.vhdx

Ikagoma! (Jina la faili nimelifupisha hapa, la ukweli lina urefu wa mkono.) Ujumbe ukasema faili limefunguliwa kwa kusoma tu lakini lina logi ambayo haijamalizwa kuandikwa. Nikampigia fundi wa kwanza, kaka mstaarabu tu, nikamuuliza, kumbe alikuwa ameibonyeza mara mbili ile vhdx kwenye laptop yake, Windows ikaifungua kama diski ya kawaida, akachungulia, halafu akachomoa waya bila kuifunga. Ikibonyezwa hivyo Windows haiifungui kwa kusoma tu, inaifungua kwa kuandika, na VHDX ina daftari lake la ndani la mabadiliko, sasa daftari likabaki na mistari ambayo haijahamishwa. Data haijapotea, ila QEMU inakataa kukupa kitu nusunusu, na inafanya vizuri kukataa.

Dawa yake imeandikwa kwenye ujumbe wenyewe, qemu-img check -r all, ila hiyo inaandika ndani ya faili, na bakapu ni moja tu duniani. Haiguswi. Nikaikopi yote kwenye diski ya kazi, nikairekebisha nakala, original ikachomolewa na kuwekwa kabatini kwa mama. Nakala ikafunguka bila neno, /dev/nbd0p1 ikaonekana, nikapachika, nikaona Users, Windows, Program Files, vyote. Hapo mhasibu aliyekuwa amekaa pembeni akashusha pumzi maana yeye ndiye aliyeitengeneza na alishaanza kulaumiwa.

Sasa namna ya kuhamisha. Wengi wangefikiria kukopi mafaili kwa cp au rsync toka huku kwenda kule, si NTFS (mpangilio wa mafaili wa Windows) kwa NTFS bwana. Hapana. Windows imejaa vitu visivyoonekana: ruhusa za kila faili, viungo vya folda moja kuelekea jingine, majina mafupi ya herufi nane ambayo programu za zamani bado zinayaita, na folda la WinSxS ambalo faili moja linaonekana sehemu nyingi bila kuchukua nafasi mara nyingi. Ukikopi kienyeji vyote hivyo vinapotea au vinavimba, na Windows inawaka kiwete au haiwaki kabisa. Njia nyingine ni kuipunguza patisheni kwa ntfsresize juu ya nakala halafu kuihamisha kwa ntfsclone, inafanya kazi, ila kusogeza vipande vya NTFS ya 465GB mpaka itoshe kwenye 223 ni kazi ndefu kwenye diski ya USB.

Mi nikaenda na wimlib, ile iliyoko kwenye kifurushi cha wimtools, kazi ya Eric Biggers. WIM ni lile umbo la faili ambalo Microsoft wanapakia Windows yenyewe kwenye fleshi ya kuinstolia, na wimlib inalisoma na kuliandika kutoka Linux. Ukiipa patisheni nzima ya NTFS badala ya folda, inachukua pamoja na ruhusa, viungo, majina mafupi, kila kitu, tena inaacha vizigo kama pagefile na hiberfil ambavyo Windows itajitengenezea. Na kwa kuwa inachukua mafaili si sekta (vipande vya diski), ukubwa wa diski hauhusiki tena, ilimradi yanaenea.

wimcapture /dev/nbd0p1 duka.wim
wimverify duka.wim

Kabla ya kumimina, SSD inatakiwa kupangwa, na hapa ndipo lile jedwali la mwanzo linalipa. Windows ya UEFI (mfumo mpya wa kuwasha mashine) haimtafuti C kwa namba ya patisheni, ile BCD (orodha ya kuwashia Windows) iliyoko kwenye patisheni ya EFI inashika kitambulisho cha diski na kitambulisho cha patisheni, zile GUID ndefu. Diski mpya ina GUID mpya, BCD ikitafuta ya zamani haipati, unapata skrini ya bluu ya 0xc000000e na watu wanaanza kukimbizana na bootrec, zana ya kurekebisha buti. Hali kadhalika rejista imeandika kwamba herufi C ni ya patisheni yenye GUID fulani. Kwa hiyo nikatengeneza patisheni kwa mpangilio ule ule, EFI, kile kipande cha 16MB ambacho Microsoft wanakitunza, C iliyokatwa itoshe, na Recovery mwishoni, halafu nikaipa SSD utambulisho wa marehemu: sgdisk -U kwa GUID ya diski, sgdisk -u 1: na -u 3: kwa za patisheni. Kwa BCD na kwa rejista hakuna kilichobadilika.

Onyo tu kwa atakayejaribu: ukishafanya hivyo usiwashe Windows ikiwa na diski zote mbili. Itaona mapacha wenye kitambulisho kimoja, itaizima moja, na hujui itachagua ipi.

Baada ya hapo ni mkfs.ntfs -Q kwenye C, na

wimapply duka.wim 1 /dev/sdb3

EFI ni FAT32, haina ruhusa wala viungo, ile cp ya kawaida inatosha, Recovery ni ndogo ikahamishwa kwa ntfsclone. Mwisho efibootmgr kuiambia ubao mama kwamba bootmgfw.efi iko hapa, kwa sababu kumbukumbu ya UEFI inashika mpaka sekta patisheni inapoanzia na hizo zimehama.

Nikazima, nikatoa diski ya zamani, nikawasha. Windows ikaja kama haijawahi kuumwa, picha ya mjukuu wa mama kwenye desktop. Kwa kuwa ni mashine ile ile na SSD imechomekwa kwenye SATA ile ile, hapakuwa na ugomvi wa madereva. Ungehamia kwenye NVMe (aina nyingine ya SSD) au mashine nyingine hapo ungejiandaa na INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, ni hadithi nyingine.

Nikafungua programu ya mauzo. Leseni si sahihi.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema kitu, na hiyo ni mbaya kuliko angesema.

Nikafikiri. Mashine ile ile, bodi ile ile, kadi ya mtandao ile ile, Windows ile ile. Kilichobadilika ni diski. Kama mtengenezaji ameifunga leseni kwenye namba ya serial ya diski yenyewe, ile iliyochomwa kiwandani, tumekwama. Lakini hizi programu za bei nafuu nyingi zinachukua njia rahisi, zinasoma serial ya volume ya C, ile unayoiona ukiandika vol kwenye skrini nyeusi, na hiyo si ya kiwandani, inazaliwa siku patisheni inapofomatiwa. Wimapply inarudisha mafaili, serial ya volume si faili, ni sifa ya patisheni, kwa hiyo C yangu mpya ilikuwa na serial ya kwake. Ya zamani iko wapi? Kwenye nakala ya ddrescue na kwenye vhdx pia, ukipiga blkid ile inayoitwa UUID kwa NTFS ndiyo serial yenyewe, tarakimu 16. Nikarudi Linux:

ntfslabel --new-serial=(zile tarakimu 16) /dev/sdb3

Nikawasha tena, programu ikafunguka, haikuuliza leseni. Kama kuna mtu anaona hapo nimevunja kitu, hapana, ni leseni waliyoinunua wao, kwenye mashine ile ile, nimerudisha kilichokuwepo.

Kubadilisha databesi ikawa nyepesi ila kuna mtego. Ukiyamwaga yale mafaili ya mdf na ldf kwenye folda la DATA ukiwa Linux, yanakaa bila ruhusa za huduma ya SQL Server, na ukiiwasha inakwambia haina ruhusa kuyafungua. Kwa hiyo nikayapitisha kwa fleshi, nikaingia Windows, nikazimisha huduma ya SQL, ya mwezi uliopita nikayabadilisha majina bila kuyafuta, nikapest mapya hapo ili yarithi ruhusa za folda, nikawasha huduma. SQL Server ikajisafisha yenyewe ile hali ya kukatwa na umeme, inasoma ldf, iliyokamilika inaiandika, ambayo haikukamilika inaifuta kana kwamba haikutokea, ndiyo maana mafaili mawili lazima yatembee pamoja. Ukaguzi wa databesi, DBCC CHECKDB, ukapita, makosa sifuri.

Sasa makosa sifuri maana yake ni kwamba muundo wa databesi ni mzima, haimaanishi hesabu ziko sawa, na mama hataki kusikia habari za muundo. Mhasibu akaja na wazo ambalo mi nisingelifikiria: ripoti za Z za mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Kila siku EFD inatoa ile karatasi ya jumla ya mauzo ya siku, na wao wanazibana zote kwenye faili la bati. EFD ni mashine nyingine, ina kumbukumbu yake, haikujua kama kompyuta imekufa. Tukakaa, yeye anasoma Z, mi nasoma ripoti ya siku kwenye programu, kuanzia tarehe ya bakapu kuja mbele, mama anasikiliza kama yuko mahakamani. Zikakubaliana siku zote isipokuwa ile ya umeme kukatika, EFD ilikuwa na risiti moja zaidi, ya mifuko ya saruji. Risiti ilichapwa kwanza, programu ilikuwa katikati ya kuhifadhi mauzo giza likaingia, kwa hiyo SQL ikaiona haijakamilika ikaifuta. Mhasibu akaiingiza kwa mkono kwa kufuata karatasi. Mama akaomba afunguliwe orodha ya wadaiwa, akashusha chini polepole kwa kidole, akaishia kwa jina moja akacheka, "Huyu nilijua ameshaomba dua kompyuta isipone."

Kuna njia ambazo sikuzitumia na ni halali. Ukiwa na fleshi ya Windows tu, unaweza kuingia kwenye skrini nyeusi kwa Shift na F10, ukaipachika vhdx kwa diskpart kwa kusoma tu, ukatumia dism kukamata na kumimina, na bcdboot kutengeneza buti, ukafika pale pale bila Linux. Kwa mtu ambaye diski yake haigongi na ana vhdx safi, ningemwambia aende hivyo. Hapa ile ddrescue ndiyo iliyoamua, na ukishakuwa Linux kwa ajili ya ddrescue hamna sababu ya kutoka nje.

Tuliyobadilisha dukani ni machache. UPS imewekwa betri. Duka.wim imebaki kwenye diski ya nje pembeni ya bakapu ya mwanzo, iko karibu nusu ya ukubwa na inasomeka Windows na Linux. Databesi sasa inajinakili yenyewe kila usiku kwenda kwenye fleshi, na mhasibu kila Ijumaa anaichomeka ile fleshi kwenye laptop yake ya nyumbani, ambayo ni ya Linux, anaangalia kama faili linafunguka. Windows 10 yenyewe nimewaambia muda wake wa apudeti uliisha tarehe 14 Oktoba 2025 na hiyo mashine haina sifa za Windows 11, mama amesema tuonane baada ya wadaiwa kulipa. Diski ya zamani ipo kwenye droo ya kaunta, nimeifunga karatasi ya khaki na kuandika kwa maka pen USICHOMEKE, maana bado ina GUID zile zile, na dogo wa stoo ameshauliza mara kadhaa kama anaweza kuichukua awekee muvi.